Taa ndogo za usiku za kuchomeka kwenye soketi: ipi ununue?

Taa ya usiku huwaka saa nyingi kuliko taa nyingine yoyote nyumbani. Ya sebuleni huzimwa watu wakienda kulala, ya jikoni huwashwa mtu akiingia na kuzimwa akitoka. Hii ya kuchomeka kwenye soketi huanza kazi wakati wengine wanalala, na kama haina swichi wala sensa, jua huchomoza na kuikuta ingali inawaka, hakuna hata anayeiona. Bei yake ni ndogo, lakini kwa kazi ndefu namna hiyo inafaa itazamwe vizuri kabla ya kununuliwa.

Nianze na jambo litakalokuokolea muda wa kusimama dukani ukisoma maboksi. Tofauti ya umeme kati ya taa ya usiku ya balbu ya zamani, yenye waya unaowaka ndani, na ile ya LED ni kubwa sana. Tofauti kati ya LED moja na nyingine ni ndogo mno. Ukishaachana na balbu, kazi ya kubana umeme imekwisha kwa sehemu kubwa, na kuanzia hapo unachagua kwa macho na kwa usalama: rangi ya mwanga, ukali wake, na jinsi taa yenyewe ilivyoundwa. Boksi linalojigamba kwa wati 0.3 mbele ya jirani yake lenye wati 0.5 linakuuzia kitu ambacho hutakiona kwenye bili.

Hesabu ya umeme

Zidisha wati za taa kwa saa inazowaka kwa siku, zidisha kwa 365, kisha gawanya kwa 1,000. Unachopata ni uniti, yaani kilowati-saa, ambazo taa hiyo inakula kwa mwaka. Zidisha tena kwa bei ya uniti moja unayolipa wewe, na gharama yake halisi iko mbele yako. Hapa chini nimechukulia usiku wa saa 12. Taa isiyo na sensa wala swichi nimeihesabia saa 24, kwa sababu ndivyo watu wanavyoishi nazo: wanazichomeka na kuzisahau.

| Aina ya taa | Wati | Saa kwa siku | Uniti kwa mwaka |
|---|---|---|---|
| Balbu ya waya, wati 7 | 7 | 12 | 30.7 |
| Balbu ya waya, wati 4 | 4 | 12 | 17.5 |
| LED bila sensa, yenye nguvu | 1 | 24 | 8.8 |
| LED bila sensa, ndogo | 0.3 | 24 | 2.6 |
| LED yenye sensa ya mwanga | 0.5 | 12 | 2.2 |
| Taa ya neoni | 0.25 | 24 | 2.2 |
| Taa bapa ya utando unaong'aa | 0.03 | 24 | 0.3 |

Tazama mstari wa nne na wa tano. LED ndogo inayowaka mchana na usiku bila kupumzika inakaribiana kabisa na LED yenye sensa inayojizima kukipambazuka, na sensa yenyewe hula umeme kidogo hata taa ikiwa imezima. Kwa hiyo ukiongeza pesa kwa ajili ya sensa, usitarajie irudi kupitia bili. Faida zake ziko kwingine: taa inafanya kazi nusu ya muda, kwa hiyo inadumu zaidi, na hakuna anayehitaji kukumbuka kuiwasha au kuizima.

Sasa linganisha mstari wa kwanza na huo wa tano. Nyumba yenye taa nne za balbu ya wati 7 inapoteza karibu uniti 123 kwa mwaka. Ukiweka LED nne zenye sensa mahali pale pale, zinakula uniti 9 hivi. Hapo ndipo pesa ilipo.

Kama una mita ndogo ya kuchomeka, ile ya kupima kifaa kinakula kiasi gani, usiiamini sana kwa taa hizi. Nyingi hupoteza usahihi chini ya wati 1. Nyingine huonyesha sifuri kabisa. Chomeka taa kadhaa za aina moja kwenye ekstensheni, pima zote kwa pamoja, kisha gawanya. Utapata jibu lililo karibu na ukweli.

Balbu ya waya: isipokuwa lazima, iache

Bado zinauzwa, na sababu yake ni mbili. Ni rahisi kutengeneza, na mwanga wake ni mzuri kweli: wa joto, wa dhahabu, usiochoma macho. Kwa mwanga tu singekuwa na neno nazo.

Tatizo ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya umeme zinaokula hugeuka joto. Kibalbu cha wati 7 kinaonekana kidogo, lakini kiguse baada ya saa moja kikiwa ndani ya kifuniko chake uone. Blanketi likiteleza kutoka kitandani likakilalia, au pazia likasukumwa na upepo likakaa juu yake usiku kucha, kitambaa kinaweza kubabuka na hata kushika moto. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani imewahi kutoa onyo juu ya jambo hili hili: taa ya usiku isichomekwe karibu na kitanda mahali ambapo matandiko yanaweza kuigusa, na watu wafikirie za neoni zisizopata joto badala ya balbu za wati 4 au 7.

Kisha kuna kubadilisha. Usiku wa saa 12 ni saa 4,380 kwa mwaka, na vibalbu vya aina hii mara nyingi huungua kabla mwaka haujaisha. Taa uliyoinunua kwa bei ya kutupwa inaanza kudai balbu mpya kila mara. Rahisi ghali, kama wasemavyo.

LED ya kawaida, na kilichomo ndani yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu LED ndiyo wengi wetu tutakayoinunua, na kwa nje zote zinafanana.

Ukifungua taa ya LED ya bei ya chini kabisa iliyokwisha kufa, utashangaa jinsi ilivyo tupu. Kuna pini za plagi. Kuna kapasita moja, kipande cha plastiki bapa. Kuna rezista moja au mbili, vidayodi vinne vya kunyoosha umeme, na LED zenyewe. Basi. Hakuna transfoma. Kapasita ndiyo inayopunguza mkondo ili LED zisiungue, lakini haiutenganishi umeme wa ndani na umeme wa ukutani. Maana yake ni kwamba kila kilichomo humo, pamoja na miguu ya LED, kimeunganika moja kwa moja na soketi. Kinachomkinga mtu na shoti ni ganda la plastiki peke yake.

Sisemi usinunue taa za namna hiyo. Muundo huo unatumika kote, na ukitengenezwa vizuri hauna shida. Ninachosema ni kwamba ganda ndilo la kukagua. Likamate kwa mikono miwili ulikunje kidogo: lisilie, lisiachane kwenye maungio. Sukuma kifuniko cha mbele kwa kidole gumba. Kama kinaruka kwa urahisi, mtoto naye atakirusha. Pini zisicheze. Na taa ikianguka ikapata ufa, hata kama bado inawaka vizuri, itupe. Usiifungue ili uitengeneze ikiwa kwenye soketi, na hata ukiichomoa, kapasita inaweza kubaki na chaji ya kukustua.

Kupanda na kushuka kwa umeme ndiko kunakoziua taa hizi mara nyingi. LED yenyewe inaweza kuwaka makumi ya elfu ya saa. Kinachokufa kwanza ni kapasita au kile kirezista kilichowekwa chembamba kupita kiasi. Ndiyo maana maandishi ya boksi kuhusu umri wa LED hayakuambii taa yote itadumu muda gani. Kipindi cha dhamana kinakuambia zaidi.

Jambo jingine la kuangalia ni mwanga kupepesa. Kwenye umeme wa hezi 50, taa iliyoundwa kwa uchoyo huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Kwenye hezi 60, mara 120. Jicho halioni waziwazi, ila wapo wanaopata kichwa kuuma. Fungua kamera ya simu, isogeze karibu na taa. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, taa hiyo inapepesa. Kwenye korido si neno kubwa. Kwenye chumba ambacho mama ananyonyesha kila baada ya saa chache, tafuta nyingine.

LED isiyo na sensa ina nafasi yake: mahali penye giza wakati wote, kama stoo au ujia usio na dirisha, ambako sensa ya mwanga ingekuwa inaona usiku saa zote. Lakini hata huko ningetaka iwe na swichi pembeni.

Sensa ya mwanga

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa vyumba vingi. Kwenye uso wa taa kuna kijicho kidogo kinachopima mwanga uliomo chumbani. Giza likiingia, taa inawaka. Ukiwasha taa kubwa au kukipambazuka, inazima. Haina la kukumbuka.

Ina udhaifu mmoja ambao watu huuchukulia kuwa ubovu. Taa inawaka, inazima, inawaka, inazima, bila kupumzika. Mara nyingi haijaharibika. Mwanga wake wenyewe unagonga kitu cheupe kilicho karibu, tuseme ubavu wa kabati, kioo, au ukingo wa mlango uliopakwa rangi ya kung'aa, kisha unarudi kwenye kijicho. Sensa inadhani kumekucha, inazima. Giza linarudi, inawasha tena. Ihamishie soketi nyingine au sogeza hicho kitu. Taa zilizoundwa kwa uangalifu huweka kijicho upande wa juu na LED zikitazama chini, na huwa na utulivu wa sekunde chache kabla ya kubadili uamuzi.

Kinyume chake ni soketi iliyo nyuma ya kochi. Huko ni giza mchana kutwa, na sensa itaiwasha taa mchana kutwa. Kabla ya kulaumu taa, chungulia kama kijicho kinaona dirisha.

Sensa ya mwendo

Hii hungoja mtu apite. Ndani yake kuna kipokezi cha mionzi ya joto kinachohisi kitu chenye joto la mwili kikikatiza mbele yake, kisha taa inawaka kwa muda, pengine nusu dakika au zaidi kidogo, na kuzima kama hakuna anayesogea tena.

Watu huinunua wakidhani itabana umeme sana. Haibani. Kipokezi hakilali, kinasubiri saa 24. Kikila wati 0.2 tu za kusubiri, hiyo ni karibu uniti 1.8 kwa mwaka kabla taa haijawaka hata mara moja, si mbali na LED yenye sensa ya mwanga. Inunue kwa sababu unataka giza wakati hakuna mtu, na mwanga wakati yupo. Hiyo ni sababu ya kutosha. Kwenye korido ambayo milango ya vyumba vya kulala hubaki wazi, ni nzuri sana. Kwenye ujia wa kwenda chooni pia.

Ndani ya chumba cha kulala siiwezi. Ukigeuka kitandani inawaka. Paka akipita inawaka. Na hali ya hewa ikiwa ya joto kali, karibu na joto la mwili, kipokezi hupata shida kumtofautisha mtu na hewa inayomzunguka, kwa hiyo huchelewa kumwona. Haioni kupitia kioo vilevile. Humwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayeifuata moja kwa moja, jambo la kukumbuka unapochagua soketi mwisho wa korido.

Hakikisha ina sensa ya mwanga pia ndani yake, vinginevyo itawaka kila mtu apitapo adhuhuri.

Kwa mzee, nina msimamo wangu. Jicho la mtu mzima sana hupokea mwanga mdogo kuliko la kijana na huchelewa kuzoea mabadiliko ya giza na mwanga. Mzee anayeamka usiku anahitaji kuona sakafu kabla hajakanyaga. Taa inayowaka baada ya hatua ya kwanza imeshachelewa. Kwake weka mwanga mdogo unaokaa usiku kucha, kutoka kitandani hadi mlango wa msalani, taa ikifuatana na nyingine bila kuacha pengo la giza katikati.

Taa bapa na taa za neoni

Taa bapa ni kijisahani chembamba chenye utando wa madini unaong'aa umeme ukipita, kwa kawaida kijani au kibuluu. Hakuna inayokula umeme mdogo kuliko hii, haipati joto, na haina kijibalbu cha kuungua ghafla. Hufifia polepole mwaka hadi mwaka. Mwanga wake unatosha kukuonyesha mlango uko wapi, haukuonyeshi kilicho sakafuni. Rangi yake nayo si ninayoitaka usiku, kwa sababu nitakazoeleza hivi punde. Siku hizi hazipatikani kwa urahisi kama LED.

Neoni ndiyo ile ya rangi ya chungwa iliyofifia. Baridi, nafuu, hudumu, na ikizeeka huanza kucheza kama inatetemeka. Ukiipata kwa bei nzuri na hutaki mwanga mwingi, chukua.

Zenye betri, za USB, za kuongozwa kwa simu

Zipo taa zinazokaa kwenye soketi zikijichaji, na umeme ukikatika zinawaka zenyewe; nyingine unaweza kuzichomoa ukazitumia kama tochi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, moja ya namna hii kwenye ngazi au karibu na mlango wa kutokea ina thamani kuliko bei yake. Uliza kama betri inabadilishwa. Betri inayokaa kwenye chaji saa zote huchoka baada ya miaka michache hata kama haijatumika, na kama imegandishwa ndani, taa yote inakwenda pamoja nayo. Ijaribu kila baada ya miezi kadhaa kwa kuichomoa usiku.

Za USB hupata volti 5 tu, kwa hiyo hata zikipasuka hazina hatari ya zile nilizoeleza juu. Kwa chumba cha mtoto hilo ni jambo kubwa. Usalama wake lakini ni usalama wa chaja yake. Chaja ya hovyo inarudisha hatari pale pale mlangoni.

Za kuunganishwa na intaneti sizipendekezi kwa kazi hii. Redio iliyomo ndani inaweza kula umeme kuliko LED inazoziongoza, na bei yake ingekununulia taa kadhaa za sensa.

Rangi ya mwanga

Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo la kwanza kuangalia ukishachagua LED.

Mwaka 2002 watafiti walionyesha kuwa kwenye retina, utando ulio nyuma ndani ya jicho, kuna chembe zinazoitikia mwanga zenyewe, mbali na zile zinazotusaidia kuona maumbo na rangi. Kazi yake kubwa ni kuuambia mwili kama ni mchana au usiku, na huitikia zaidi mwanga wa buluu. Zikichochewa usiku, ubongo hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala.

LED nyeupe ya kawaida, kwa undani wake, ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano. Ugunduzi wa LED ya buluu ndio uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014, na ndio uliotuletea taa zote hizi za wati nusu. Lakini ile buluu haijaondoka. Taa iliyoandikwa 6,500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) ina buluu nyingi. Ya 2,700K ina kidogo. Ya rangi ya kaharabu, yaani manjano inayoelekea chungwa, au nyekundu karibu haina.

Kwa hiyo taa nyeupe kali, ile ya baridi, iache kabisa kwa chumba cha kulala hata kama ndiyo ya bei ya chini. Wauzaji huipenda kwa sababu inaonekana angavu ikiwashwa dukani mchana. Tafuta 2,700K au chini ya hapo, na bora zaidi ya kaharabu. Nyekundu haiyaondolei macho mazoea ya giza, ambayo huchukua dakika 20 hadi 30 kuyapata upya, lakini ni vigumu kutofautisha ukingo wa ngazi au kuona maji yaliyomwagika chini ya mwanga mwekundu. Kaharabu inatoa nafuu zote mbili kwa kiasi. Na kama nyumba inaingiwa na wadudu, mwanga wa kaharabu huwavuta wachache kuliko mweupe.

Ukali wake

Usinunue mwanga mwingi. Mwezi mpevu hutoa mwanga usiofika hata luksi 1 (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) ardhini, na mtu anatembea nao bila kujikwaa macho yake yakishazoea. Taa ya lumeni 5 hadi 20, lumeni ikiwa kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, inatosha chumba cha kawaida. Kwa ngazi unaweza kupanda kidogo. Yenye swichi ya kupunguza mwanga inastahili nyongeza ndogo ya bei, maana hujui itakavyoonekana hadi uikute saa nane za usiku.

Muhimu zaidi ya lumeni ni upande unakoelekea mwanga. Taa nzuri humwaga mwanga sakafuni na haikuonyeshi LED yenyewe. Ukiwa umelala na unaona nukta kali inakutazama, taa hiyo ama imekaa vibaya ama imeundwa vibaya. Kifuniko chenye ukungu husaidia. Kioo kinachopitisha macho moja kwa moja hakisaidii.

Usalama, volti na plagi

Taa za usiku za kuchomeka zina kiwango chake cha kimataifa, IEC 60598-2-12, na mtengenezaji makini hukiandika kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo. Alama ya CE, ile ya soko la Ulaya, peke yake isikutulize sana, kwa kuwa kwa bidhaa za aina hii ni mtengenezaji mwenyewe anayeiweka akithibitisha kuwa ametimiza masharti. Alama ya maabara huru iliyoipima, au ya shirika la viwango la nchi yako, ina uzito zaidi. Taa isiyo na jina la mtengenezaji, volti wala wati popote kwenye mwili wake irudishe kwenye rafu.

Soma volti kabla ya kuagiza mtandaoni. Nchi nyingine zina umeme wa volti 100 hadi 127, nyingine 220 hadi 240. Taa ya volti 120 pekee ukiichomeka kwenye 230 haitawaka kwa nguvu zaidi; itaungua, wakati mwingine kwa moshi. Andiko la 100–240V linamaanisha inakubali kote. Plagi iwe ya soketi zako bila adapta. Adapta huisukuma taa mbele ikaning'inia, mtu akiigonga kwa mguu inalegea, na plagi iliyolegea hupata joto. Pima pia upana wake, usije ukaifunika soketi ya pili.

Kwa watoto, taa yenye umbo la mwanasesere au mnyama inavutia, na hapo ndipo shida inapoanza: mtoto anaona kitu cha kuchezea kilichochomekwa kwenye umeme. Kwa chumba cha mtoto mdogo chagua taa isiyo na sura ya kuvutia, iliyokaa karibu kabisa na ukuta, isiyo na vipande vya kung'oka. Kama mtoto anataka taa yake ya sungura, iwe ya betri au ya USB, mezani.

Bafuni, soketi iwe mbali na maji yanayoruka. Na taa hizi hazikuundwa kukaa kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni: mwanga unaelekea dari, sensa inaelekea dari, na vumbi na maji vinaingia kutoka juu.

Ningenunua nini

Chumba cha kulala cha watu wazima: LED ya kaharabu yenye sensa ya mwanga na swichi ya kupunguza, kwenye soketi ya chini isiyotazamana na mto. Korido na ujia wa chooni: sensa ya mwendo yenye sensa ya mwanga ndani. Ngazi: ya kaharabu au 2,700K inayokaa usiku kucha, moja juu na moja chini, na mojawapo iwe ya betri kama umeme wenu si wa kutegemewa. Chumba cha mzee: kama ya kulala, ila zaidi ya moja. Ukiwa na pesa ya taa moja tu kwa sasa, iweke kwenye njia ya msalani, si chumbani.

Kama tayari una za balbu

Huhitaji kutupa zote. Nyingi zina kishikio kidogo cha skrubu cha milimita 12 au 14, E12 au E14, na vipo vibalbu vya LED vya wati 0.5 hadi 1 vinavyoingia mle mle. Linganisha herufi na volti zilizoandikwa kwenye balbu ya zamani, chomoa taa, iache ipoe, kisha badilisha. Ila kama taa hiyo ina sensa ya mwanga ya kizamani, nunua kibalbu kimoja kwanza. Baadhi ya sensa hizo zilitengenezwa kwa mzigo wa wati 4 au 7, na zikipewa LED ya nusu wati hazizimi sawasawa: kibalbu hubaki kinang'aa kidogo mchana au kinapepesa usiku. Ikitokea hivyo, jaribu kibalbu hicho kwenye kishikio kisicho na sensa, na ile yenye sensa ndiyo ya kwanza kubadilishwa yote.